Tuulize rezolusheni asilia kabla ya kununua projekta

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowatesa wanafunzi wetu madarasani, ambalo wengi wetu tumezoea kuzisingizia taa hafifu au ukuta mchafu.

Mwaka jana shule ninayofundisha ilinunua projekta ambayo boksi lake liliandikwa 1080p kwa herufi za kukolea. Siku ya kwanza niliitumia kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha nne ramani ya skeli ya 1:50,000. Mistari ya kontua ilishikamana kama nyuzi zilizolowa, na kimo cha mita 1,340 kilisomwa na nusu ya darasa kuwa 1,840. Nilizungusha lenzi huku na huku hadi kengele ikalia. Jioni ndipo nilipofungua kijitabu cha maelekezo na kukuta, katika ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo mno, kwamba rezolusheni asilia ya mashine hiyo ni 800 kwa 600.

Rezolusheni asilia ndiyo idadi ya pikseli, yaani vitone vya mwanga, ambavyo kifaa kimeundwa navyo kiwandani, na hakuna kitufe kinachoweza kuiongeza. Ile 1080p ya kwenye boksi ilimaanisha tu kwamba mashine inakubali kupokea picha ya pikseli 1,920 kwa 1,080, kisha inaifinya iingie katika nafasi iliyopo. Tena, kwa kuwa picha ya namna hiyo ni pana na kioo cha ndani kina uwiano wa upana kwa kimo wa 4:3, jumla ya safu 150 za juu na chini hubaki nyeusi, na picha yenyewe hukaa katika pikseli 800 kwa 450. Pikseli 2,073,600 zinaminywa ziwe 360,000. Katika mbano huo ndimo tatu inamogeuka nane.

Niliporudi darasani niliiweka kompyuta kwenye 800 kwa 600, na ingawa ramani ilinibidi niisogeze kipande kwa kipande, tarakimu zilisomeka hadi dawati la nyuma. Kanuni ni hiyo hiyo kwa monita ya mezani: iliyoundwa kwa 1,920 kwa 1,080 iachwe hapo hapo. Nimewaona makarani na walimu wenzangu wakishusha rezolusheni hadi 1,024 kwa 768 ili maandishi yawe makubwa, wakaishia kusoma herufi zilizofifia na kutanuka, ilhali dawa ya maandishi madogo ni kuyaongezea ukubwa hadi asilimia 125 au 150 katika mipangilio ya skrini, rezolusheni ikibaki ilivyo. Mtego mwingine upo pale kompyuta inaponakili picha ileile kwenye skrini mbili, kwa maana aghalabu zote hulazimika kutumia rezolusheni moja, na mojawapo huumia. Anayetumia Windows abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P, achague kupanua (Extend) badala ya kunakili, kisha kila skrini aipangie rezolusheni yake.

Sisemi kwamba muuzaji alitudanganya. Kilichoandikwa kwenye boksi kilikuwa kweli kwa namna yake, nasi hatukuuliza. Lakini fedha zile zilikuwa michango ya wazazi, na bado inaniuma. Ombi langu ni kwa wakuu wa shule, kamati za manunuzi, na viongozi wa makanisa na misikiti wanaochangisha waumini ili kununua vifaa hivi: katika karatasi za zabuni andikeni "rezolusheni asilia", tajeni tarakimu zake, na mkatae jibu la "inakubali". Kwa darasa la ramani na majedwali, mimi nisingeshuka chini ya 1,280 kwa 800. Na kabla ya kulipa, iwasheni projekta palepale dukani, iwekeeni ukurasa wa tarakimu ndogo, mrudi nyuma hatua kumi mzisome.

Mwalimu wa Jiografia,
Morogoro