Makundi ya WhatsApp ya watumishi wa afya nayo yanahitaji mafunzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo waganga wafawidhi na wote wanaopanga mafunzo kazini. Siku hizi tabibu wa zahanati na bingwa wa hospitali ya rufaa hukutana zaidi kwenye kundi la WhatsApp kuliko kwenye semina, lakini ni nadra mtu kufundishwa namna ya kulitumia. Kupiga marufuku hakusaidii; watahamia kundi jingine usilolijua.

Tazama swali linavyorushwa: picha ya kidonda, chini yake "Wakuu, huyu nimpe nini?" Umri hakuna, uzito hakuna. Majibu yanamiminika, kila mtu na dawa yake. Swali linalojibika huanza na umri, jinsia na uzito, kisha tatizo na siku lilizodumu, joto, mapigo, upumuaji, oksijeni, majibu ya maabara na dawa alizokwishapewa, halafu swali moja tu. Asiyeyaandika hayo mara nyingi hajayapima, na kule kutakiwa kuyaandika kunamrudisha kitandani kwa mgonjwa.

Dozi ndiyo inayotia hofu zaidi. Mtu anajibu, "mpe parasetamo mililita 6." Mtoto wa kilo 10, kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 150. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 6 zinatosha. Lakini kuna chupa yenye miligramu 250 katika mililita 5, na mililita 6 zake ni miligramu 300, mara mbili ya anachohitaji. Kwa hiyo dozi iandikwe kwa miligramu kwa kilo, pamoja na ukurasa wa mwongozo wa Taifa wa matibabu ilikotoka. Mwongozo wenyewe upakuliwe kwa Wizara, si kwa rafiki, maana nakala za zamani hazifi, zinazunguka tu. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Ukishaingia kwenye simu, unasomeka hata bando likiisha.

Tuje kwenye picha. Eksirei ibandikwe kwenye kisanduku cha taa, taa ya chumba na flashi ya simu zizimwe, simu ishikwe sambamba na filamu, na alama ya kulia au kushoto ionekane. Upele au kidonda kipigwe kwa mwanga wa mchana, mara mbili: kwa mbali ili kiungo kijulikane, kisha kwa karibu rula ikiwa pembeni. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, ndiyo maana wengine huituma kama hati. Ni vizuri, ila ikitumwa hivyo hubeba pia mahali ilipopigwa, kama kamera imeruhusiwa kuhifadhi. Zima hilo kwanza kwenye mipangilio ya kamera. Jina na namba ya faili vilivyo pembeni mwa filamu vikatwe kabisa. Kuvipaka kalamu ya simu hakutoshi: kama rangi yake ni nyepesi, mtu akiongeza mwanga wa picha jina linasomeka. Tena zima ule utaratibu wa picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu, ambayo jioni huchezewa gemu na watoto.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa iombwe kabla simu haijatoka mfukoni, na iandikwe kwenye faili la mgonjwa.

Kwa wanaotafuta makala za kitaalamu, Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni, mwaka 2002. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu binafsi, kwa hiyo muulize mkutubi nywila iko kwa nani.

Mgonjwa mahututi asisubiri kundi. Ipigwe simu hospitali ya rufaa.

Haya yote yanaingia katika saa moja ya kikao cha asubuhi, kwa simu za watumishi wenyewe na kesi ya zamani iliyoondolewa jina. Kisha kiongozi wa kundi awe na orodha ya kesi zisizofungwa, na kila Ijumaa amuulize aliyeleta kesi: mgonjwa alipewa nini hatimaye, na aliendeleaje?

Mkufunzi wa watumishi wa afya,
Morogoro