Stesheni za zamani zisibomolewe

Mhariri,

Naomba nafasi nizitetee stesheni kuukuu za mijini. Mitaa mingi ilizaliwa na usafiri: reli ilitangulia, nyumba zikafuata. Itazame ngazi ya stesheni ya zamani, utaona jiwe limelika katikati kwa nyayo za abiria. Jiwe hilo likishavunjwa, basi tena.

Paris waliponea chupuchupu. Gare d'Orsay, iliyofunguliwa mwaka 1900, nusura ibomolewe; tangu 1986 ni jumba la makumbusho. New York walianza kuivunja Penn Station mwaka 1963, na uchungu wake ukachangia kuzaa sheria ya 1965 ya kulinda majengo ya kihistoria. Wahusika wayaorodheshe majengo haya sasa, kabla tingatinga halijafika.

Msomaji wako