Kadi ya matibabu haina kisanduku cha sigara

Ndugu Mhariri,

Jumatatu iliyopita nilimeza vidonge vyangu vya mwisho vya kifua kikuu. Miezi sita: miwili ya vidonge vingi, minne ya vichache. Dawa zote nilipewa bure, sikutoa hata franka moja, na kwa hilo naishukuru Serikali pamoja na wanaoisaidia. Nesi wa kituo chetu hapa Katuba tumeshakuwa kama ndugu. Nikichelewa asubuhi moja tu, simu inalia: "Papa, uko wapi?"

Lakini sikuandika ili kushukuru peke yake.

Nilianza sigara nikiwa na miaka kumi na tisa, leo nina hamsini na miwili. Kazi yangu ni kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Kazi hiyo ina moshi wake tayari, nasi juu ya moshi huo tunaongeza wetu, hata kabla ya chai ya asubuhi. Siku ya kwanza kituoni nesi aliniambia, "Papa, sigara uache." Nikaitikia ndiyo. Akaandika uzito wangu, akanipa kikopo cha makohozi, akaita mwingine. Habari ya sigara ikaishia hapo. Hatua kama ishirini kutoka langoni kuna mama anauza sigara moja moja, kibiriti cha gesi amekifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza kisiibwe. Nilinunua moja. Niliivuta huku bahasha ya dawa iko mfukoni.

Nesi simlaumu, maana hakuwa na kingine cha kunipa. Tazameni kadi ya matibabu: kuna mahali pa uzito, mahali pa makohozi ya mwezi wa pili, wa tano na wa sita, na visanduku vya dawa ya kila siku. Cha sigara hakuna. Na nesi mwenye foleni hadi nje ya mlango huuliza yale ambayo karatasi inamuuliza yeye.

Basi ingekuwa maradhi mengine, ningesema sawa. Lakini kifua kikuu na sigara ni mtu na ndugu yake. Moshi hudhoofisha ulinzi wa mapafu, kiasi kwamba mvutaji yuko karibu mara mbili katika hatari ya kuugua kuliko asiyevuta, na hata akipona, ugonjwa humrudia kwa urahisi zaidi. Kongo yetu imo katika orodha ya OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ya nchi 30 zilizoelemewa zaidi na kifua kikuu duniani. Hapa Lubumbashi ongezeni vumbi la machimbo wanalorudi nalo vijana wetu kifuani. Serikali inanunua dawa za miezi sita ili kuziba tundu, halafu tundu la pili, lililo pembeni yake, inaliacha wazi.

Si kwamba sheria hazipo. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa OMS wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2005, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka Serikali ziwasaidie watu kuacha na kutibu utegemezi wa tumbaku. Mwaka 2007 waziri wa afya alikataza kuvuta katika mahali pa watu wengi. (Anayetaka kucheka aende akaikumbushe amri hiyo katika baa yoyote ya Kamalondo, Jumamosi usiku.) Ikaja sheria ya afya ya Desemba 2018, iliyofungua njia ya huduma ya afya kwa wote, ile tunayoiita CSU. CSU yenyewe ilianza na uzazi bila malipo, Kinshasa, Septemba 2023, kisha majimbo mengine yakafuata. Vizuri sana. Ila mama anajifungua bure, anarudi na mtoto katika chumba kimoja ambamo baba anavuta.

Mke wangu ni mwalimu, na mituweli anayochangia, yaani mfuko wa bima ya afya, inanihesabu mimi pia. Nilikwenda kuuliza kama wanaweza kulipia dawa ya kuacha. Kijana wa dirishani alinijibu kwa adabu kabisa kwamba sigara ni mapenzi ya mtu, si ugonjwa. Jibu hilo lilinikaa. Kama ni mapenzi, mbona nimeacha mara tatu, na mara zote tatu nikaamka saa tisa ya usiku mikono inatetemeka, natafuta kipande katika majivu? Baadaye nilijua kwamba katika orodha ya magonjwa ambayo OMS imewapa madaktari, utegemezi wa tumbaku una namba yake (F17 katika toleo la kumi), kama maradhi mengine yote. Kijana yule sikurudi kumwambia. Nawaambia ninyi wakubwa mliomweka pale.

Dawa zenyewe zipo. Chingamu na plasta za nikotini ziliingia katika orodha ya OMS ya dawa muhimu mwaka 2009. Zinaupa mwili ile nikotini unayoililia, lakini bila moshi, kisha kipimo kinashushwa kidogo kidogo. Mwaka 2021 viliongezwa vidonge vya bupropioni na vareniklini, na mwongozo wa OMS wa 2024 unapendekeza pia sitisini, dawa ya mbegu za mmea ambayo watu wa Bulgaria wanaitumia tangu miaka ya 1960. Kwa utaratibu wa zamani dozi yake ni siku 25. Kuhusu chingamu hiyo, famasia ya kwanza mjini walinionyesha ya watoto, yenye ladha ya ndizi. Ya pili walikuwa nayo ya kweli. Niliposikia bei nikahesabu ni siku ngapi za bukari, ugali wetu, nikaaga.

Ufaransa, tangu 2019, bima inarudisha asilimia 65 ya bei ya dawa za nikotini zilizoandikwa na daktari. Sisemi tuwe Ufaransa. Najua mtaniambia kuna malaria, kuna kipindupindu, pesa zitoke wapi? Kwanza, shauri la nesi la dakika tatu hadi tano halina bei, na OMS inasema hata hilo peke yake huwasaidia baadhi ya watu kuacha. Pili, kila pakiti inayouzwa kihalali imekatwa ushuru unaokusanywa na DGDA, idara ya forodha na ushuru. Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi nimechangia mfuko huo kuliko majirani zangu wengi. Naomba kipande kidogo kirudi katika kifua changu.

Ombi langu si la zahanati mpya wala tume. CSU ikubali kwamba kuacha sigara ni matibabu yanayolipiwa, na ianze na sisi wa kifua kikuu, kwa sababu tayari mnatuona miezi sita mfululizo, majina yetu mnayo, na simu zetu mnapiga tukichelewa. Mgonjwa wa namna hiyo mtampata wapi tena? Nesi afundishwe siku chache, kabati lake liwekewe plasta au sitisini, na kadi ichorwe kisanduku kimoja zaidi: jana alivuta, hakuvuta.

Mimi sikusubiri. Niligeuza kadi yangu, nyuma yake nikachora visanduku vyangu kwa biki, alama kwa kila siku nisiyovuta. Leo vimefika ishirini na kimoja. Viwili havina alama, na nesi nimemwonyesha vyote.

Mchomeleaji vyuma,
Katuba, Lubumbashi