Risala ya Chama cha Jiografia kwa Mgeni wa Heshima, Nairobi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tumefurahi zaidi kwa kuwa wewe ni mhandisi wa maji, maana ombi letu linakuhusu moja kwa moja.

Chama hiki kilianza baada ya mafuriko ya 2024. Baadhi yetu tunaishi Mathare. Maji yalipopungua, mstari wa tope ulibaki ukutani, juu ya swichi ya taa. Tuliupima kwa futi kamba kabla haujapakwa rangi, kisha tukawauliza wazee maji yalifika wapi mwaka 1961 na wakati wa El Niño ya 1997. Alama hizo ni ushahidi mkubwa, kwani mto ukifurika kupita kiasi husomba hata kipimo kilichosimikwa ukingoni, na furiko lililostahili kupimwa kuliko yote likakosa tarakimu.

Tuna pia kipimamvua uwanjani. Kila siku saa tatu asubuhi mmoja wetu humimina maji kwenye gilasi ya kupimia, hupiga magoti hadi jicho lilingane na maji, kisha huandika. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Ikinyesha kwenye kilomita mraba moja, ni lita milioni moja.

Mheshimiwa, tumejifunza jinsi ya kukadiria furiko hurudi baada ya muda gani. Huchukuliwa kiwango cha juu kabisa cha kila mwaka, vikapangwa kuanzia kikubwa. Idadi ya miaka huongezwa moja, ikagawanywa kwa nafasi ya kiwango hicho kwenye orodha. Rekodi ya miaka 24 hufikia furiko linalorudi kwa wastani kila miaka 25, basi. Anayetaka la miaka 100 hutegemea kanuni kama ya mwanahesabu Emil Gumbel, na rekodi ikiwa fupi makadirio huyumba. Tena furiko la miaka 100 halimaanishi likija leo limekwisha hadi enzi ya wajukuu. Kila mwaka lina nafasi 1 kati ya 100. Anayeishi ukingoni kwa miaka 30 ana uwezekano wa karibu asilimia 26 wa kukutana nalo. Mzazi anayejenga huko anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kununua mawe.

Milimani ndiko tuna wasiwasi zaidi. Mashariki ya Nyandarua, yanakotoka maji ya bwawa la Ndakaini tunayokunywa hapa, hupata mvua nyingi kuliko magharibi, na wingu moja laweza kumwaga kwenye bonde moja likaacha la jirani kavu. Kipimamvua kilichoko mjini hakilioni. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalilibomoa yakaangukia eneo la Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, yakaua makumi ya watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kupata vipimamvua kwa shule za miteremkoni, tubadilishane nazo takwimu kila wiki. Pili, rekodi za zamani za mvua na mito zifunguliwe kwa wanafunzi bila malipo.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Jiografia.