Kaboni monoksidi haituami sakafuni, wala maji hayaizuii

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dhana inayorudiwa kila zinapotoka habari za watu waliofariki usingizini kwa sababu ya jiko la mkaa: kwamba kaboni monoksidi ni gesi nzito inayotuama sakafuni, na kwamba anayelala kitanda kirefu, au anayeweka beseni la maji chumbani, yuko salama.

Gesi hiyo si nzito. Uzito wa molekuli yake ni 28, ilhali wastani wa hewa tunayovuta ni karibu 29. Ni nyepesi kidogo, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno, hivyo haijitengi juu wala chini, bali huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Maji nayo hayasaidii, kwani hata gesi hii ikiwa peke yake, bila kuchanganyika na hewa, katika kanieneo ya kawaida, lita moja ya maji ya nyuzi 25 za Selsiasi huyeyusha takriban miligramu 27 tu.

Linaloniumiza zaidi ni mazoea ya kungoja mkaa ukolee na moshi uishe, ndipo jiko liingizwe ndani kwa kuamini kuwa hatari imepita. Hewa inayoingia chini ya jiko huunguza mkaa na kuzaa kaboni dioksidi, nayo ikipanda kupitia mkaa mwekundu wenye joto la nyuzi 700 na zaidi, hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksidi. Ile miali ya buluu inayocheza juu ya mkaa ni gesi hiyo ikiungua. Kwa kuwa huhitaji joto la nyuzi 600 hivi ili iwake yenyewe, miali ikizimika na mkaa ukabaki mwekundu tu, gesi huendelea kutoka bila kuungua, haina rangi wala harufu, na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huishika kwa nguvu inayozidi ile ya kuishika oksijeni zaidi ya mara 200.

Nawaomba waandishi wako, wanaporipoti misiba hii, waeleze kwamba jiko lenye mkaa mwekundu halifai kuingizwa chumba cha kulala wakati wowote, na kwamba anayeamka humo akiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu atoke nje kwanza, awatoe na wenzake, kabla ya kutafuta dawa.

Wako,
Msomaji