Ubongo hauna swichi moja kwa kila msuli wa mkono

Mhariri,

Makala za afya kuhusu kiharusi hurudia mara kwa mara picha ileile ya ubongo uliogawanywa vipande, hiki cha bega, kile cha kiwiko, kile cha vidole, kana kwamba kila msuli una swichi yake. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na naomba nafasi ya kueleza kwa nini picha hiyo inawapotosha wagonjwa na jamaa wanaowauguza.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili ulipatikana kwa kima. Mwaka 1980 Eberhard Fetz na Paul Cheney, watafiti wa Marekani, walinasa ishara za umeme za seli mojamoja katika eneo kuu la mwendo kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huku wakipima misuli ya kigasha ya mnyama aliyekuwa akikunja na kukunjua kifundo cha mkono. Walithibitisha kwamba seli moja, ambayo uzi wake hushuka ndani ya uti wa mgongo hadi kwenye seli zinazoendesha misuli, mara nyingi huamsha misuli kadhaa kwa pamoja. Na tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa zipo seli zinazogusa misuli ya bega na ya vidole kwa wakati mmoja. Msuli nao hupokea amri kutoka kwa seli nyingi zilizotawanyika, zikichangamana na zile za misuli jirani.

Wagonjwa wengi huniuliza kwa nini bega limeanza kuinuka ilhali vidole bado vimelala. Mwaka 1968 watafiti Lawrence na Kuypers walieleza kwamba kima waliokatwa njia kuu ya neva inayotoka kwenye gamba la ubongo kwenda uti wa mgongo walirudia kukimbia na kukwea, lakini hawakuweza tena kuchezesha kidole kimoja bila vingine. Bega na kiwiko hupata msaada pia kutoka kwa njia zinazoanzia kwenye shina la ubongo. Ustadi wa vidole hutegemea zaidi gamba lenyewe.

Kwa maoni yangu, linalostahili kusisitizwa zaidi ni kazi ya mtafiti Randolph Nudo na wenzake ya mwaka 1996. Baada ya kima kupata jeraha dogo katika eneo la mkono kwenye ubongo, wale waliozoezwa kuokota vipande vya chakula kwa mkono dhaifu walilihifadhi eneo lililosalia, ambalo bila mazoezi hupungua. Binadamu si kima, na jeraha kubwa haliahidi kupona. Hata hivyo, jamaa anayemlisha mgonjwa kila tonge kwa huruma, mkono dhaifu ukibaki mapajani, anaunyima ubongo kazi unayoihitaji.

Naomba ukurasa wako wa afya, utakapoandika tena kuhusu kiharusi, uwaeleze wasomaji hayo, na uwahimize wamwone mtaalamu wa mazoezi mapema, mara tu daktari atakaporuhusu.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga