Wanafunzi wa uhandisi washike mita, si ufagio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani hapa Moshi, na huwa tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Hesabu wanazijua, tena kunizidi. Lakini mpe mmoja mita ya kupimia umeme, apime ishara ya umeme inayoonyesha kina cha maji kwenye tangi, utamwona anaduwaa.

Ishara hiyo, yaani mkondo mdogo wa umeme, huanzia miliampia 4 hadi 20. Tangi tupu ni 4, lililojaa ni 20, nusu ni 12. Haianzii sifuri kwa makusudi: mita ikisoma sifuri, ujue waya umekatika, si kwamba tangi limekauka. Ni somo dogo tu, ila wengi wanakutana nalo kazini usiku, uzalishaji umesimama na meneja anafoka.

Mtandao wa mitambo ndio usiseme. Modbus, lugha ambayo mitambo huitumia kuwasiliana, ipo tangu 1979, na bado kijana anavuta kebo ndefu ya mawasiliano ya RS-485 bila rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 120 kwenye ncha zake mbili ya kuzuia ishara zisirudi nyuma na kuvuruga mawasiliano, kisha analaumu kompyuta.

Vyuo vya Arusha na Moshi vinunue hata vifaa vilivyotumika. Na sisi wa viwandani tuache kuwafagisha karakana wiki nzima.

Fundi umeme,
Moshi